Ndege Mwenye Hereni

Wiki mbili baada ya kumzika Shangazi Minza, binti yangu alinitumia picha kwa simu. Alikuwa amekwenda Zagayu kwa shughuli zake, akaegesha pikipiki kando ya bwawa na kumpiga picha ndege aliyekuwa amesimama majini. Chini ya picha akaandika: "Baba, huyu ni ndege gani? Mdomo wake kama bendera." Mimi nilikuwa nimekaa pale ninapokaa siku zote, kwenye kiti cha kamba kati ya mlango wa jiko na pipa la maji, na miwani ilikuwa ndani; maandishi makubwa niliyasoma, picha sikuiona vizuri. Kuifuata ni hatua kumi na mbili, nimewahi kuzihesabu. Nikaona ni nafuu kumpigia simu. "Macho yake yana rangi gani?" nikamuuliza. Akacheka mpaka nikasikia na mtu aliyekuwa naye anacheka. "Baba, watu wakiona ndege wanauliza kama analiwa. Wewe unauliza macho!" Nikamwambia aikuze ile picha, aangalie vizuri, kisha aniandikie. Nikakata simu na kubaki nimeishika mkononi kama mtu aliyepewa yai la moto, kwa sababu ndege mwenye mdomo kama bendera ninamfahamu. Niliwahi kuishi na wawili nyumba moja, kwa siku nne, na mmoja wao nilimtungia uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema maishani.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi kwa mara ya kwanza. Kabla yake pamba ilikuwa na mlango mmoja tu, wa ushirika, na mkulima alisubiri mlangoni hapo mpaka afunguliwe. Ghafla mji ukajaa magari yenye vumbi la mikoa mingine, vijana wenye mizani mabegani, redio kaseti kila kibanda, na watu waliokuwa wakinunua kila kitu ambacho hatukujua kwamba kinauzwa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya aina ambayo mtu anayasoma mara moja tu ubaoni na kuondoka. Wenzangu walikwenda Mwanza, wengine Lamadi kununua samaki, wengine wakawa makarani wa mizani huko Mwandoya. Mimi nilibaki nyumbani kwa Shangazi Minza nikisema nasubiri. Nilikuwa nasubiri nini, hakuna aliyewahi kunibana nieleze, isipokuwa Mzee Maduhu, jirani yetu mfugaji, ambaye kila asubuhi alipopitisha ng'ombe wake kwenda kunywa maji alisimama kwenye uzio wa minyaa na kupaza sauti: "Mwangaluka, Shija! Bado unaatamia? Vifaranga lini?" Nami nilimwitikia salamu nikiwa nimekaa, jambo lililompa la kusema mpaka jioni.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa na chumba cha mbele alichopangisha, sebule yenye meza moja ndefu, vyumba vyetu viwili, na uani palikuwa na chumba cha kuwekea pamba, ambacho baada ya mauzo kilibaki kitupu na nyuzi nyeupe zikining'inia kwenye fito. Jiko lilitazama nyuma, na nyuma ndiko kulikokuwa na majaruba ya mpunga, kisha lambo la kunyweshea mifugo. Mle jikoni ndimo tulimoishi. Shangazi alikuwa na ukungu machoni. Aliona mwanga, aliona mtu akisimama mlangoni, lakini uso wa mtu huyo aliujua kwa sauti. Mchele aliuchambua kwa vidole na hukukuta jiwe hata moja, wakati mimi mwenye macho mawili mazima nilivunja jino la nyuma kwa mchele niliouchambua mwenyewe. Asubuhi tulikunywa uji, tukatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kabla kikombe hakijafika nusu alikuwa anauliza: "Wamekuja?"

Aliwaulizia korongo. Walikuwa wawili, na walifika kwenye lambo baada ya mvua za kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na alinifundisha kazi hiyo kwa ukali. Siku ya kwanza nilimwambia, "Ni ndege wakubwa, weusi na weupe, miguu mirefu." Akaweka ungo chini. "Ng'ombe akipotea, ukienda mkutanoni ukasema ni mkubwa, mweusi na mweupe, ana miguu, nani atakurudishia? Anza kichwani. Ng'ombe anaelezwa kuanzia kichwani, unashuka na shingo, unapita begani, tumboni, unamalizia mkiani na kwato. Haya." Nikaanza upya. Kichwa cheusi, shingo nyeusi inayong'aa kama mafuta ya taa yakimwagika kwenye maji. Mdomo mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, umepinda juu kidogo kwenye ncha: mwekundu, katikati umevikwa utepe mweusi mpana, halafu mwekundu tena, na juu, pale unapoungana na paji la uso, pana kipande cha njano kimekaa kama tandiko juu ya punda. Mgongo na tumbo vyeupe, mabawa meusi yakifungwa. Kifuani pana doa la ngozi tupu, jekundu. Akiruka, ncha za mabawa ni nyeupe, usishangae. Miguu myeusi, lakini magoti ya waridi, na nyayo za waridi, kana kwamba amevaa soksi akazikata. "Sasa huyo," alisema Shangazi akiuchukua ungo wake, "hata akipotea Shinyanga atarudishwa."

Mwaka mzima nilimweleza habari zao. Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, niliona mambo ambayo watu wenye shughuli hawayaoni. Niliona kwamba hawalii. Ni mabubu kabisa, ila wakikutana hugonganisha midomo, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayepiga taipu ofisini. Niliona kwamba mmoja ni mrefu kidogo, macho yake ni ya kahawia iliyokolea, na chini ya mdomo wake, pale unapoanzia, vinaning'inia vijingozi viwili vidogo vya njano. Mwenzake hana vijingozi, lakini macho yake ni njano tupu, kama punje za mahindi. Niliona wakijenga kiota juu ya mti mmoja mkubwa ng'ambo ya lambo, na niliona, samahani, ni nani aliyempanda nani mgongoni. Mwenye vijingozi ndiye dume. Mwenye macho ya njano ndiye jike. Nilimweleza Shangazi hayo yote nikitafuta maneno ya heshima, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka kwenye ukungu wake. "Sema tu kwamba wameoana. Mimi niliolewa mara mbili, utanificha nini?" Tangu siku hiyo akawaita Bwana na Bibi.

Lazima niseme jambo moja kuhusu Shangazi, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Alikuwa hawezi uongo. Sisemi kwamba aliuchukia, wengi tunauchukia wa wengine. Ulikuwa hauwezi kupita karibu yake. Siku moja alikuja mwanamke wa kikundi cha mikopo ambaye Shangazi mwenyewe alikuwa amechoka kumwona, nami kwa wema wangu nikamwambia mlangoni, "Shangazi hayupo." Kutoka jikoni ikaja sauti: "Nipo!" Mwanamke yule alinitazama kuanzia kichwani hadi kwato. Na kulikuwa na desturi nyingine ya nyumba hiyo: akichinjwa kuku, firigisi ilikwenda kwa mgeni wa kiume, na kama hakuna mgeni ilikwenda kwa mwanaume aliyekamilika. Kwa mwaka mzima nilikula mabawa. Sikulalamika. Mtu anayeatamia hajakamilika.

Makarani wa pamba walipomaliza msimu wakahama, na chumba cha mbele kikachukuliwa na Bwana Festo. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, shati la maua, mkoba wa ngozi uliojaa karatasi. Alinunua ndege wazima wazima na kuwapeleka Dar es Salaam, na kutoka hapo walipanda ndege nyingine, ya chuma, wakaenda Ulaya kukaa kwenye bustani za matajiri. Alitusimulia hayo akila firigisi, siku ya kwanza tu. Akafungua kibali chake mezani na kunipa nisome, maana kilikuwa kwa Kiingereza na yeye alisema miwani yake imevunjika. Mwenye miwani iliyovunjika anajulikana, lakini nikasoma. Korongo mwenye mdomo wa tandiko, jozi moja, dume na jike. Kibali kinakwisha Ijumaa. "Unawafahamu hao?" aliuliza. Nami, mjinga, kwa kuwa katika mwaka mzima hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu ninachokijua, nikafungua kinywa na kumweleza kuanzia kichwani. Nikamwonyesha na lambo. Kitu pekee ambacho sikukitaja ni yupi dume na yupi jike, na hilo si kwa busara; Shangazi aliniita nikachote maji.

Jumatatu watu wake wawili walitega kamba za nailoni kwenye kina kifupi, na kabla ya mchana Bwana na Bibi walikuwa kwenye chumba chetu cha pamba. Nilikwenda nikachungulia. Walisimama wamepeana migongo, vichwa karibu vinagusa fito, nyuzi za pamba zimeshika kwenye zile nyayo za waridi. Mwenye macho ya njano alinitazama bila kupepesa. Shangazi alikuja akipapasa ukuta, akasimama nyuma yangu. "Mbona hawalii?" Nikamwambia, "Hawawezi, Shangazi. Ni mabubu." "Afadhali wangelia," akasema, akarudi jikoni.

Lakini ni yeye huyohuyo aliyekwenda kuzungumza na Bwana Festo jioni hiyo. Niliwasikia kupitia pazia. "Baba, huyu kijana anajua kusoma. Mchukue. Hapa ataota mizizi." Bwana Festo akasema kweli anahitaji mtu wa kuwalisha ndege njiani na kuandika karatasi, na kule Dar kuna kazi ya kudumu ofisini. "Jozi hii ikipita, mayu, mama yangu, kijana wako anapita nayo." Siku ya pili yake Shangazi alipiga pasi ya mkaa shati langu jeupe, akipima kola kwa vidole, akalitundika kwenye msumari wa sebuleni. Likakaa pale siku tatu, mikono imening'inia, kila nikipita linanitazama. Mzee Maduhu alipita akaliona. "Kumbe yai limeanguliwa!" Mji mzima ulijua kwamba Shija wa Minza anakwenda Dar. Mimi usiku sikulala. Ningependa kuandika kwamba niliwafikiria ndege. Niliwafikiria, ndiyo. Pia nilifikiria safari ya basi siku mbili, na kukaa kwenye chumba ambacho sijui mlango wake wa jiko unatazama wapi. Na nilifikiria asubuhi ya Jumamosi, Shangazi na kikombe chake cha uji, akiuliza "Wamekuja?" na hakuna wa kuja na hakuna wa kumjibu.

Alhamisi mchana alikuja afisa wa maliasili kusaini. Alikuwa kijana mgeni mjini, mwembamba, msafi, mwoga wa kukosea. Alikagua ndege, akakagua kibali, akakaa mezani na kalamu yake. "Karatasi inataka dume na jike. Nani atathibitisha?" Bwana Festo alikuwa amejiandaa. Alikuwa amemwita Mzee Maduhu, kwa kuwa nani Bariadi nzima anajua dume na jike kuliko mtu mwenye ng'ombe mia? Mzee Maduhu alikohoa, akasimama kama yuko mkutanoni. "Jambo hili ni rahisi. Mmoja ana macho makali ya njano, macho ya fahali anayetafuta ugomvi. Huyo ni dume. Mwingine macho yake ya upole, na amevaa hereni mbili za njano. Mheshimiwa, wewe umeona wapi dume lenye hereni?" Wote wakacheka, hata afisa. Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Alikuwa amewageuza, mume kawa mke na mke kawa mume, lakini ilikuwa haijalishi. Jozi ni jozi. Ndege walikuwa wanakwenda, na shati msumarini lilikuwa linakwenda nao.

"Sivyo," nikasema.

Sijui sauti ilitoka wapi. Afisa akainua kalamu. "Wewe ni nani?" Bwana Festo akajibu kwa fahari, maana alidhani namsaidia: "Huyu ni kijana wetu, ana fomu foo. Amewaangalia mwaka mzima." Baiolojia nilipata D, lakini mezani pale hakuna aliyeniomba cheti. Nikasema, "Hizo si hereni. Jogoo naye ananing'iniza vitu chini ya mdomo, je, ni jike? Mwenye vijingozi ndiye dume." Hiyo ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli niliisema vizuri. Mzee Maduhu akaguna, akakubali, jogoo alimshinda. "Basi wa njano ni jike," afisa akasema, "bado ni jozi." Na hapo ndipo nilipovuka. "Hapana. Huyo naye ni dume, ila ni mdogo. Wakiwa wadogo macho ni ya njano, wakikua yanaiva na vijingozi vinatoka. Hawa ni ndugu. Kiota kimoja." Bwana Festo akanigeukia taratibu, tabasamu likimteremka. "Kijana, mbona uliniambia wanakaa pamoja siku zote?" Nikamjibu, "Hata mimi na Mzee Maduhu tunaonana kila siku, Bwana Festo." Mzee Maduhu akapiga meza kwa kicheko, akasema, "Mungu apishe mbali!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeukazia macho mlango wa jiko. Pazia lilikuwa limetulia, na nyuma yake alikuwa mtu mmoja tu duniani ambaye nilimweleza, kwa maneno ya heshima, ni nani aliyempanda nani. Sufuria ziliacha kugongana. Nikasubiri ile sauti. Nilijua jinsi itakavyokuja, neno moja, kavu, kama lile "Nipo!" na jinsi watu hawa watatu watakavyonitazama. Nilijua pia kwamba yeye ndiye aliyelipiga pasi lile shati. Afisa akauliza, "Una uhakika?" Nikasema ninao. Kisha jikoni mfuniko ukafunuliwa, nikasikia mwiko.

Afisa akafunga kalamu. Alisema kibali ni cha jozi, dume na jike, na hana ruhusa ya kusaini madume mawili, na kesho kinakwisha. Bwana Festo alibembeleza kidogo, akatoa leso, akajifuta shingo. Hakuwa mtu mbaya. "Basi wafunguliwe," akasema, "nitawalisha mpaka lini?" Wakati huo Shangazi akatoka na sinia, akitambaa na ukuta kwa kiwiko kama kawaida yake. Alikuwa amechinja kuku kwa ajili ya afisa. Akaweka sahani mbele ya kila mtu bila kukosea, akizihesabu kwa mpangilio wa viti: afisa, Bwana Festo, Mzee Maduhu, mimi. Afisa alipekua mchuzi wake kwa adabu. Bwana Festo, ambaye siku zote aliihesabia kuwa yake, aliinua paja, akatazama chini yake, akalirudisha. Mzee Maduhu alitazama sahani zote mbili, kisha akatazama yangu, akakohoa kwa muda mrefu. Firigisi ilikuwa juu ya wali wangu, katikati kabisa, imewekwa kwa mkono wa mtu anayejua anachokiweka. Shangazi akasimama nyuma ya kiti changu. "Shija, kula," alisema. "Kitapoa."

Niliila. Ilikuwa ngumu kidogo.

Walifunguliwa alasiri hiyo. Sikuwa na haja ya kuelezea, lakini nilieleza: wametoka mlangoni wakitembea kama wazee wawili waliovaa suti, wamesimama kwenye jaruba, mmoja amekimbia hatua tatu, weupe wa mabawa umefunguka, wamekwenda. Shangazi alisikiliza uso ukielekea lambo. Kisha akaingia sebuleni, akalishusha shati msumarini, akalikunja vizuri na kuliweka sandukuni, na hatukulizungumza. Bwana Festo alihama Jumapili. Mzee Maduhu aliendelea kusimama kwenye uzio mpaka alipokufa, ila salamu yake ilibadilika: "Mwangaluka, mwalimu wa ndege!" Mimi sikwenda Dar. Nilioa hapahapa, nililima, niliandika barua za watu, na kiti changu sikukisogeza zaidi ya hatua chache. Wapo wanaosema nilipoteza bahati yangu, na wanaosema hivyo wanaishi mbali na wananitumia vocha.

Mwezi uliopita, Shangazi akiwa kitandani na sauti imebaki kama uzi, aliniita karibu. Nilidhani anataka maji. "Shija," akasema, "yule mwenye macho ya njano."

"Naam, Shangazi."

"Alikuwa nani?"

Nikatazama mlango. Hapakuwa na mtu. "Jike, Shangazi. Alikuwa Bibi."

Akafumba macho, akatabasamu upande mmoja. "Najua. Nilikuwa nangoja uiseme kweli, nipate kupumzika. Umechelewa sana, mwanangu."

Simu imelia sasa hivi. Binti yangu ameandika: "Nimekuza. Njano kama mahindi." Nami nimejibu, kwa kidole kimoja, herufi moja moja: Huyo ni jike. Usiondoke haraka. Angalia ng'ambo ya bwawa, yule wa hereni hayuko mbali, kisha rudi uje unieleze, na uanzie kichwani.